Wahida Nje ya Chumba cha Uzazi

Wahida alikuwa mkunga. Alianza kuzalisha kijijini Quiterajo, na vita vilipowahamisha watu akaendelea mjini Palma, katika kituo cha afya chenye vitanda vitatu vya wazazi. Watoto aliowapokea hakuweza tena kuwakumbuka wote.

Maradhi yalimwanza kwa joto. Uso uliwaka ghafla, kifua kikafuata, kisha tumbo likamwendesha mara nane, mara kumi kwa siku. Wenzake walisema ni umri, hedhi inamuaga. Wengine wakasema amiba, wengine jini. Alimeza kila alichopewa. Miaka mitatu ikapita hivyo, nguo zikimpwaya, hadi daktari mmoja wa mjini Pemba alipompima tumbo kwa ecografia, mashine ya kupiga picha ya ndani. Ini lilijaa madoa.

Ulikuwa uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni. Ulianzia kwenye utumbo mdogo ukasambaa bila haraka, na kisu kisingeweza kuumaliza. Kaka yake Amido, aliyekaa Johannesburg miaka ishirini, akamwita.

Huko daktari alieleza, Amido akifasiri. "Dawa yenyewe inaitwa lutécio, ina mionzi. Imefungwa kwenye kitu ambacho uvimbe wako unakipenda, kama chambo. Uvimbe ukikimeza, mionzi inauunguza kwa ndani. Utapewa mara nne, kila baada ya wiki nane."

"Na uvimbe utakwisha?"

Amido alisikiliza jibu, akafasiri. "Anasema huenda ukanywea, huenda ukatulia tu. Kuisha kabisa, hasemi."

Dawa haikumuuma. Kilichomtapisha ni dripu nyingine, ya kukinga figo, iliyodondoka saa nne nzima. Kisha daktari akatoa katazo: siku kumi na tano asikae karibu na mjamzito wala mtoto mdogo, kwa sababu mionzi hutoka mwilini taratibu.

Wahida alimtazama kaka yake. "Umemwambia kazi yangu?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema pole."

Basi ikawa hivyo. Kila dozi ilikuwa na safari yake, Maputo, Pemba, kisha barabara ya vituo vya askari. Akifika Palma alijifungia chumba cha uani na sahani yake peke yake. Mkamwana wake Zainabo, ambaye dozi ya kwanza ilimkuta na mimba ya miezi mitano, alimwekea chakula kizingitini na kurudi nyuma.

Siku ya kumi na moja baada ya dozi ya tatu, Zainabo alishikwa na uchungu. Wahida alimfuata kwa mbali hadi kituoni, akaketi kwenye benchi nje ya dirisha la chumba cha uzazi. Ndani alikuwemo Gracinda, binti kutoka mji wa Mueda, mkunga wa mwaka wa kwanza. Mwenzake alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa.

Karibu na adhuhuri sauti ya Gracinda ilibadilika. "Mama Wahida, kichwa kimetoka, kinarudi ndani. Mabega hayaji."

Wahida alikwishasimama. Miguu ilielekea mlangoni yenyewe, akashika nguzo ili kuizuia.

"Usivute," alisema. "Uko na nani?"

"Isabel wa usafi."

"Zainabo, mwanangu, vuta magoti yote mawili mpaka kifuani. Isabel, weka kiganja juu ya mfupa wa kinena, usukume chini. Gracinda atakuonesha upande. Tumbo la juu usiliguse."

Wahida alijua dakika za namna ile humfanya nini mtoto. Alijua pia kwamba akiingia, hataingia peke yake, ataingia na mionzi.

"Bega limekuja, ametoka," Gracinda alisema. "Halii, mama."

"Mkaushe. Msugue mgongo. Usiache."

Kisha mtoto akalia. Wahida akaketi. Kanga ilikuwa imemwanguka begani, hakuwa na nguvu ya kuiokota. Isabel alipotokea dirishani na mtoto mikononi, Wahida alimwambia, "Mrudishe kwa mama yake. Nitamwona."

Alimbeba siku tano baadaye, katazo lilipokwisha. Mtoto alikuwa wa kike, mzito, mkono mmoja umelegea kwa bega kubanwa. Mkono huo ulipata nguvu baada ya wiki tatu.

Kwenye dozi ya nne Wahida alimsimulia daktari. Daktari aliweka kalamu chini, akasema maneno mengi. Amido alifasiri polepole: "Anasema kwa dakika chache, siku ya kumi na moja, ungeingia tu. Isingedhuru. Katazo ni la kulala pamoja, kukaa saa nyingi."

Wahida alitazama dripu ikidondoka. "Hakusema."

"Hatukumuuliza, Wahida."

Hata hasira ilitaka nguvu.

Picha za mwisho zilionesha madoa mawili makubwa yamenywea, na mengine yako vilevile. Tumbo sasa humwendesha mara tatu kwa siku. Joto humjia siku moja moja, na kila mwezi huchomwa sindano ya kutuliza homoni. Amerudi kazini, asubuhi tu. Akichoka huvuta kiti karibu na kitanda, akamwacha Gracinda apokee, naye akashika mkono wa mzazi.