Samaki wa Chini ya Maji

Fundi wa kutengeneza makochi hakuwahi kuogelea maishani mwake. Maji aliyoyajua ni ya ndoo na ya mvua. Basi dada wa mapokezi pale kwenye ukumbi wa bwawa alipomuuliza, "Mtoto yuko daraja gani?" akabaki kama mgeni aliyeulizwa njia na mgeni mwenzake.

"Kwani kuna madaraja?"

"Vyura ndio wanaoanza. Bata wanaelea. Samaki wanavuka bwawa zima. Wako anaelea?"

Fundi akamgeukia binti yake, aliyekwisha kuvaa miwani ya kuogelea.

"Mimi Samaki," binti akasema bila kupepesa.

Fundi akampigia simu mke wake. "Samaki wapi!" mama akacheka. "Kumwosha nywele tu ni vita." Fundi akampigia dada yake, aliyekaa na mtoto likizo iliyopita kule ziwani. "Kaka, mwanao balaa! Anapotea majini mpaka roho inaniruka."

Simu ikakatika, na fundi akazidi kuvurugika. Kupotea majini ni kujua kuogelea, au ni kuzama?

Mwalimu, mama wa makamo mwenye filimbi shingoni, alimwonea huruma. "Baba, acha tumwone majini."

Binti akajitosa, akazama moja kwa moja. Fundi aliruka kitini. Kumbe mtoto anatambaa huko chini kama mjusi ukutani, akaja kuibukia kwenye ngazi, anacheka. Mwalimu akapiga makofi. "Safi. Sasa elea, uso nje."

Hapo mambo yakaharibika. Binti akatapatapa, akameza maji, akamng'ang'ania mwalimu shingoni.

Mwalimu alitoka akikuna kichwa. "Huyu chini ya maji ni Samaki. Juu ya maji hata Chura hajafika."

"Sasa nimwandikishe wapi? Nusu huku, nusu kule?"

"Hata mimi amenichanganya. Lakini akiishiwa pumzi katikati ya bwawa, kuelea ndiko kutakakomwokoa. Aanze na Vyura."

Binti akaangua kilio. Vyura wenyewe walikuwa vitoto vya meno ya maziwa! Fundi nusura aseme basi, awe Samaki, yaishe. Badala yake akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mama, mimi kuhusu maji sijui kitu. Mwalimu anajua. Tumsikilize, eh?"

Binti akaenda, mdomo ameuvuta mbele.

Wiki zikapita. Fundi bado alikuwa akichanganya Bata na Samaki siku alipomwona binti yake amelala chali juu ya maji, mikono wazi, masikio ndani, hakuna aliyemshika.

"Baba!" alipiga kelele kama mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Nausikia moyo wangu!"

Unasikikaje moyo majini? Fundi hakuelewa hata kidogo. Akampungia mkono kwa nguvu, ndipo akagundua kwamba macho ya mtoto yanatazama dari, hayamwoni.