Sikio la Namba Mbili

Msiniletee habari za uvumilivu. Mimi nimeolewa na mtu ambaye uwanja mzima ulimpa jina la Simenti kwa sababu ya uvumilivu wake, na nitawaambia ule uvumilivu ulikaa wapi. Ulikaa kwenye sikio la kulia, ambalo halisikii kitu. Lilitoa usaha akiwa darasa la pili, bibi yake akalitia dawa ya kila jirani, na tangu hapo hata ukipiga debe upande ule, unajichosha bure.

Sasa, kwa asiyejua mpira, beki wa kulia anaishi kando ya mstari. Kipa yuko kushoto kwake, mabeki wenzake kushoto, refa kushoto. Kulia kwake kuna mstari, uzio, na watu waliolipa kiingilio ili wamtukane. Timu zikibadilishana magoli atahamia upande wa pili wa uwanja, lakini uzio bado uko kulia kwake. Ujanani alikuwa mshambuliaji, akahangaika, maana kila akiitwa hajui sauti inatoka wapi. Siku alipovaa jezi namba mbili, alisema ni kama amepewa chumba chake mwenyewe na mlango wa kufunga. Alikaa humo miaka kumi na mitatu, klabu ile ile moja. Alifunga magoli mawili, na moja lilikuwa la kujifunga.

Klabu haikujua. Daktari wao anapima magoti, vifundo na mapafu. Masikio ya beki ni ya kazi gani? Mimi mwenyewe nilijua baada ya ndoa. Tukigombana, namwaga yangu yote ya moyoni, bwana anageuka ubavu wa kushoto, analilalia lile sikio zima, kesi imefungwa. Nilipogundua nilimchapa na mto mpaka ukapasuka. Akaketi kitandani na sufi kichwani, akaniambia, "Mke wangu, wakijua nimekwisha. Watasema wamesajili nusu mtu." Nikaapa kwamba sitasema.

Kasheshe ilikuwa kwa baba yangu. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu. Mkwewe akija nyumbani, wanasimama wote wawili, wanaulizana afya, kisha wanakaa wakitazama zulia. Ukitoa mvua na bei ya sukari, sijawahi kuwasikia wakiongea lolote. Lakini ikifika Jumamosi, mzee anavaa kofia, anashika nafasi yake kwenye uzio chini ya jukwaa kuu, na hapo humtambui tena.

"We kabati! Sogea!"

"Mlango wa choo cha stendi una ulinzi kuliko wewe!"

"Kimbia! Hata kivuli chako kimekuchoka!"

Na matusi hayo ndiyo yaliyonioza! Posa ilipokuja, wajomba zangu waliguna: mcheza mpira atamlisha nini binti yetu? Baba akainua mkono. "Kijana huyu nimemtukana misimu miwili mizima," akasema, "hajageuka hata siku moja. Mtu wa namna hii hawezi kumpiga mwanangu." Kikao kikaisha hapo hapo. Mimi niko nyuma ya mlango, kichwa kimevimba kwa kujivunia subira ya mchumba. Kunipiga, kweli hajawahi, lakini jamani!

Mume wangu mwenyewe sasa. Kila wiki alimwona mkwewe pale uzioni, mdomo wazi, mikono hewani. "Baba ananipenda sana," ananiambia tukirudi nyumbani. "Ananiimbia dakika tisini bila kuchoka." Ningemjibu nini? Nilimwambia, "Sana, mume wangu. Mno."

Tukaenda hivyo miaka kumi na moja ya ndoa. Halafu, zimebaki mechi mbili ligi iishe, na timu inaning'inia kwenye ukingo wa kushuka daraja, beki wa kushoto akateleza kwenye ngazi za nyumbani kwake akavunjika mguu. Kocha akamwita mume wangu. "Simenti, utakwenda kushoto."

Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na mkataba wake ulikuwa unaisha. Kocha alikuwa amemwahidi mwaka mmoja wa mwisho, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama mwaka ule. Alitaka aage mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa namba mbili. Sasa akikataa kushoto, aseme kwa nini? Akakubali. Nikaanza kuomba dua tangu siku hiyo.

Maana kushoto mambo yanapinduka. Wenzake wote wamehamia kwenye sikio bovu. Kwenye sikio zima kuna uzio.

Mechi ya kwanza, kipindi cha pili, akaja upande wa baba. Winga wa wale jamaa kaupata mpira, anamjia. Baba akafungua koo: "We kabati!"

Mume wangu akasimama. Katikati ya mechi! Akageukia uzio, mkono kifuani, kichwa kimeinama, akaitika, "Naam, baba!"

Winga akapita zake, krosi, goli. Tukalala mbili bila. Kocha alimsubiri mlangoni. "Imebaki mechi moja. Ukisimama tena kuamkia wazee, mkataba nauchana mbele yako."

Usiku ule hakugusa chakula. Akaniuliza, "Ni leo tu, au ni kila wiki?"

"Kila wiki."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya posa."

Akatikisa kichwa. "Na mimi huwa nampungia mkono," akasema.

Kesho yake nikafunga duka, nikaenda kwa baba, nikavunja kiapo changu. Nilimweleza sikio, nikamweleza mkataba. Nilitegemea angefoka kwamba tumemdanganya. Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo hakuwahi kusikia chochote?"

"Chochote, baba."

"Hata ile siku?"

"Siku gani?"

Ndipo akaniambia. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza nilivuja damu, kidogo niende. Mume wangu alitoa damu yake, akalala siku tatu kwenye benchi la hospitali, na Jumamosi akaenda kucheza macho mekundu. Baba alitaka kumshukuru, lakini nyumbani maneno yaligoma. Akamvizia uwanjani, mume wangu alipokuja kurusha mpira pale uzioni. "Nilimwambia, 'Mwanangu, ahsante, umenirudishia binti yangu.' Hakugeuka. Akarusha mpira, akaenda zake. Nikasema basi, amekataa, na ana haki, kwa yote niliyomtukana. Nikarudi kwenye matusi. Yale angalau nayaweza."

Mimi huwa silii ovyo. Siku hiyo nililia kwenye kitambaa cha meza cha watu.

"Jumamosi unyamaze tu, baba," nikamwambia.

"Nitanyamaza."

Na kweli alinyamaza. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu. Mume wangu alilamba kadi ya njano mapema kwa kumvuta winga jezi, lakini baada ya hapo alicheza mpira, nyie! Winga alikuwa hapumui. Kipindi cha pili akaja upande wetu, na baba yuko pale uzioni, mikono mfukoni, midomo inacheza bila sauti. Dakika ya themanini na moja, bado bila bila, mpira ukatoka, ukaruka uzio, ukatua mikononi mwa baba. Wa kurusha ni sisi. Mume wangu akaja, akanyoosha mikono.

Baba hakuuachia.

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. "Mwanangu," baba akasema, "ile siku baada ya hospitali nilikushukuru, hukusikia. Ahsante. Umenirudishia binti yangu."

Mume wangu akaganda. Wote wawili wameushika ule mpira, huyu ndani, huyu nje, hakuna anayeachia. Refa akapuliza filimbi. Uwanja mzima unapiga kelele, "Rusha!" Kocha amevua koti, analikanyaga.

"Nimesikia, baba," mume wangu akasema.

"Rusha basi, mwanangu."

"Rudia kwanza."

Baba akarudia. Refa akafika mbio, akatoa ya njano kwa kuchelewesha muda, halafu nyekundu. Kocha alimtazama mume wangu, akashika karatasi ambayo haipo, akaichana hewani vipande viwili. Ahadi ya mwaka mmoja ikaishia hapo.

Alitoka kichwa chini. Baada ya muda nikamwona anakuja kwa geti la mashabiki, amejifunika koti, akasimama kwenye uzio kando ya baba. Tulimaliza watu kumi, tukaing'ang'ania sare, tukabaki kwenye ligi. Watu wakarukaruka, wakaimba, wakaondoka, mafundi wakaanza kukunja nyavu. Wale wawili bado wanaongea.

Nilimwita twende nyumbani mara tatu, na mara zote tatu alinisikia vizuri kabisa. Alikataa tu.