Inapumua Bado

Swabir fundi alikuwa amezichoka kompyuta kuukuu kama mtu anavyowachoka wageni wasiojua kuaga. Duka lake pale Msambweni lilijaa makasha ambayo kwengineko yangekuwa yamekwisha tupwa zamani. Chumvi ya bahari ilikula vyuma, mijusi ilitaga mayai ndani ya feni, na wenyewe, kwa mapenzi yao, walizifunika mashine kwa leso mchana kutwa huku zimewashwa, hadi zikajipika zenyewe. Kisha waje kwake. "Fundi, jana ilikuwa yawaka vizuri tu!" Jana gani, Mungu ndiye ajuaye.

Na yeye alikuwa na ila yake: hakuweza kumwambia mtu kwamba mashine yake imekufa. Feni ikizunguka tu, alisema, "Inapumua." Mteja akaondoka akishukuru, Swabir akabaki na mtu mwengine wa kumkwepa barabarani.

Neno hilo ndilo alilompa Bi Mwanafatuma wa Munje. Mama huyu alikuwa ametoka eda, na safari yake ya kwanza ilikuwa ya kuleta kompyuta ya marehemu mumewe, Mselem, aliyekuwa akihutubu msikitini na kujirekodi nyumbani akifanya mazoezi. Bi Mwanafatuma hakuwa na haja ya hotuba.

"Mna pahali yuwakohoa," alisema, "kisha yuwaniita, 'Fatu, chai yangu i wapi?' Nataka hapo tu, mwanangu. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Swabir aliianza kazi kwa moyo. Kompyuta haikuwaka kabisa, akabadilisha pawa saplai, kile kifaa cha kuipa umeme. Ikawaka, lakini ikawa yapiga mlio mfupi mfupi na skrini nyeusi. Akachomoa memori, akaisugua kwa ufutio wa shule mpaka kutu ikatoka, akairudisha. Maandishi yakatokea, na Swabir akatabasamu peke yake kama mwendawazimu. Kisha ikafika zamu ya diski, ile inayohifadhi kila kitu, nayo ikagonga: ka, ka, ka. Alijaribu waya mwengine, akaitia katika mashine nyengine, akaipeleka hata kwa fundi mwenziwe Mombasa. Jibu likawa moja. Diski ilikuwa imekwaruzika ndani, na kilichokuwamo hakitoki tena.

Bi Mwanafatuma alipokuja kuuliza Alhamisi moja, Swabir alisema inapumua. Alhamisi iliyofuata mama akaja tena. Inapumua bado, Bi. Ikawa ndiyo ada yao, na kila Alhamisi Swabir aliamka akiwa mzito kuliko ile iliyopita.

Hata asubuhi moja ya Alhamisi akamwona akishuka kwenye pikipiki, buibui limejaa vumbi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu je?"

Safari hii hakulisema neno lile. Si kwamba alikuwa amepata ushujaa. Alikuwa amechoka tu, na uwongo nao ni kazi.

"Diski imekufa, Bi Mwanafatuma. Sauti haipatikani tena. Nalijua tangu siku za mwanzo, nikashindwa kukwambia. Niwie radhi."

Alingoja matusi, na angeyapokea yote. Mama akaivuta stuli akaketi.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema polepole, vile watu wasemavyo msibani, na Swabir akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ungalinambia siku ile, ningalilia nikamaliza," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Lakini sasa nikwambieje? Tangu afe mume wangu, Alhamisi usiku tu ndipo nilalapo. Natoka hapa, nafika kwangu, najiambia inapumua, nalala. Haya, leo nalala na nini, Swabir?"

 Swabir alichukua bisibisi akaanza kulifunga kasha, skrubu baada ya skrubu, na Bi Mwanafatuma akabaki pale stulini akimngoja amalize.