Saa Iliyongoja Mlio

Mbio zilikuwa za robo maili, kwenye barabara ya Raskazone pale iliponyooka. Tulikuwa wapanda baiskeli saba, na kwa kuwa barabara ni nyembamba tulipangwa kuondoka mmoja mmoja, kila mtu apimwe na saa. Mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye angekwenda Mombasa kushindana na wa huko. Nafasi ilikuwa moja tu. Niliitaka mpaka nikakosa usingizi, ila sikumwambia mtu, maana mimi nikiulizwa jambo mbele ya watu wawili tu, jasho hunitoka viganjani.

Baba, fundi cherehani, alinipa baiskeli yake nyeusi ya kuendea kazini. Nikaivua madigadi na keria, ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Vijana wa Makorora waliiona wakacheka. Aliyecheka zaidi ni karani mmoja kijana wa benki, mwenye baiskeli ya mashindano, ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo.

"Yakhe, hiyo ya mbio au ya kubebea makuti?"

Nilicheka nami. Ndivyo nilivyo, nikichekwa hucheka.

Mwanzoni alisimama mwanzishaji na bastola ya michezo. Mwishoni, robo maili mbele, alikaa mshika saa, mzee wa Tongoni, mpole, anayeheshimiwa na kila mtu. Bastola ikilia, anabonyeza saa. Baiskeli ikipita mstari, anabonyeza tena. Karani aliondoka wa tatu. Mimi nilikuwa wa sita, na hapo ndipo palipotokea jambo. Risasi zilikuwa tano tu. Mwanzishaji aligeuza bastola huku na huku, akaitia mfukoni, akatoa leso yake nyeupe. Akaipunga mpaka mzee kule mbali akapunga mkono kujibu.

"Nikiishusha leso, kimbia."

Nikakimbia. Sikumbuki kitu ila cheni ikigugumia, na paja la kulia likiwaka moto.

Matokeo yalisomwa na mwenyekiti wa michezo, mtu mnene mwenye tarbushi. Karani, sekunde thelathini na saba. Mimi, thelathini na saba na sehemu tatu za tano. Watu wakambeba karani mabegani. Nilikwenda kumpa mzee shikamoo, niondoke zangu. Akaniambia kwa kunipoza, "Marahaba, mwanangu. Umejitahidi. Na mimi leo nimepima kwa haki. Kila zamu ya bastola nilifumba macho kabisa, nisikie vizuri, watu wasinibabaishe."

"Na leso je, babu?"

"Ah, leso nitaisikiaje? Nilifumbua macho, nikatazama."

Hapo hapo nikakumbuka. Mwaka ule ule mwalimu wetu wa sayansi alimpeleka mwenzetu ng'ambo ya kiwanja akagonge kipande cha reli kwa nyundo. Tuliona nyundo ikishuka, kisha ndipo tukasikia. Sauti huenda kama futi elfu moja na mia moja kwa sekunde. Robo maili ni futi elfu moja mia tatu na ishirini. Nikaandika mchangani kwa kijiti: sekunde moja na moja ya tano. Karani alikwisha kukanyaga pedali muda wote huo, saa bado imelala inangoja mlio. Mimi saa yangu iliamka nilipoondoka. Ukimrudishia karani muda wake, anakuwa thelathini na nane na ushei.

Nilimwendea mwenyekiti. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Unasemaje?"

"Nasema sauti ya bastola ilichelewa kufika."

"Ilichelewa! Ilipitia wapi, sokoni?"

Watu wakaangua kicheko. Karani, bado yu juu mabegani, akaita, "Yakhe, ukishindwa, shindwa! Usitafute mchawi!"

Safari hii sikucheka nao. Nilimwomba muuza maji debe lake tupu, nikampa rafiki yangu pamoja na fimbo niliyoifunga kitambaa cheupe, nikamwambia aende mpaka mwanzo apige. Nikamgeukia mzee wa Tongoni. "Babu, naomba ufumbue macho. Fimbo ikishuka, bonyeza. Ukisikia debe, bonyeza tena."

Mwenyekiti akasema huo ni upuuzi. Mzee akasema, "Hebu tumwone mtoto."

Fimbo ikashuka. Kimya. Kisha, pa! Mzee akaitazama saa. Akapunga mkono lipigwe tena. Likapigwa mara tatu. Wale waliokuwa wakicheka walikuja kuchungulia, na hata karani aliteremshwa chini.

"Moja na moja ya tano," mzee akasema taratibu. "Wallahi, kijana huyu kasema kweli. Aliyekosa ni mimi."

Mwenyekiti aliikunja karatasi yake. "Haya. Majina yamekwisha kusomwa na watu wamesikia. Ili pasiwe na maneno, warudie wawili hawa, sasa hivi, kwa leso."

Karani alikwisha kupumzika muda mrefu. Miguu yangu ilikuwa ingali ikitetemeka. Lakini sikukataa kwa ajili ya miguu, nataka iandikwe hivyo. "Sirudii," nikasema.

"Unaogopa?"

"Nimekwisha kukimbia. Aliyekosa ni saa, mzee mwenyewe kakiri. Sahihisheni karatasi."

"Mtoto wewe, mimi bado nasema..."

"Sahihisheni karatasi!"

Nilimkatiza mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya umati. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mwenyekiti alisema asiyerudia ameiacha nafasi yake. Mzee wa Tongoni akakataa kutia sahihi karatasi ile. Mwenyekiti akaitia yeye mwenyewe. Karani ndiye anayekwenda Mombasa.

Nyumbani habari zilinitangulia. Baba aliuliza huku akitunga uzi sindanoni, bila kuinua macho, "Ulimpigia mwenyekiti kelele, mzee wa watu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hesabu yako ilikuwa sawa?"

"Sawa, baba. Ilipimwa mara tatu."

Alishona kidogo. "Kesho uende kwake ukamtake radhi."

Nitakwenda. Nitavaa kanzu safi, nitampa shikamoo, nitamtaka radhi kwa kumkatiza maneno. Akiniuliza kama sasa ningekubali kurudia, nitamjibu kwa adabu kwamba sirudii.