Alama Ukingoni mwa Meza

Tak. Chuma kimevutwa juu ya chuma, kisha kikaachiwa. Hata leo fundi wa kufuli akijaribu komeo dukani kwake, mimi hujikuta kitandani kwetu Magongo, macho bado mazito, nikijua kwamba mama yuko mezani na bastola yake na hakuna atakayetulia nyumbani mpaka airudishe kiunoni.

Mama alikuwa askari kanzu. Kabla ya kuisafisha bastola ile ya serikali alikuwa na utaratibu wake. Mdomo aliuelekeza kwenye ndoo ya mchanga pembeni. Kwanza alitoa magazini, ile ala ya risasi. Kisha aliivuta sehemu ya juu, risasi iliyobaki ndani iruke nje, akachungulia, akatia kidole cha mwisho. "Jicho huona linalotaka," alikuwa akisema. Halafu alimpa bibi, mama mkwe wake, naye achungulie.

Bibi aliichukia bastola ile. "Wenzio waanika dagaa, wewe waanika mauti," alisema huku akitafuta miwani. Lakini alichungulia kwelikweli, kisha akasema, "Tupu," kwa sauti ya mtu anayefunga sala.

Ndipo mama alipoifungua, na harufu ya mafuta ya bunduki ikaingiana na ya mahamri. Springi inayoirudisha ile sehemu ya juu mahali pake aliifuta kwa kitambaa, akailaza ukingoni mwa meza. Hapo palikuwa na alama ya penseli, aliyoichora springi ilipokuwa mpya. Springi ikichoka hufupika, na bastola huweza kukwama.

Asubuhi moja simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena, ikitambaa mezani kwa kutetemeka. Wenzake walikuwa wakimngoja waende Mtopanga kumkamata mtu mwenye silaha. Ndege ilipita chini juu ya bati letu. Mama aliifuta springi mbiombio, akataka kuirudisha.

"Hujaipima," bibi alisema.

"Mama, nimechelewa."

"Ipime."

Akailaza. Haikuifikia alama. Mama aliiunga bastola ikiwa tupu, akaiinua mdomo juu, akaiachia ile sehemu ya juu polepole. Ilirudi, ikasita kabla ya kufika, kama droo iliyobana kitambaa.

"Nimeomba mpya, wananiambia kesho. Jana ilipiga vizuri tu."

"Mimi sikukuzaa," bibi alisema, "na sitakuzika."

Simu ikalia tena. Mama aliipokea. "Afande, silaha yangu haifai. Naileta ghalani."

Sauti ya upande wa pili tuliisikia sote. "Watasema umeogopa."

"Waache waseme."

Nilimkasirikia bibi siku ile. Niliona amemnyang'anya mama ushujaa wake mbele ya mahamri yanayopoa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba bibi hakuwa na uwezo wa kumzuia mkazamwana wake asiende kazini, wala hakujaribu. Alijifunza kazi ya kitu alichokichukia, springi na alama yake, ili siku ikifika awe na neno moja ambalo mama hangeweza kulipuuza.

Mama alikagua tena, akaigeuza bastola kwa bibi.

"Tupu."

Risasi alizitia mfuko mwingine. Alinishika kichwani akipita, akatoka kwenda kuirudisha, na mlango ukafungwa nyuma yake, komeo likafika mpaka mwisho.