Mafuta Mepesi ya Kupandia Ngomo

Mume wangu aliniachia watoto wawili na gari lenye turbo, na wengi waliokuja kwenye matanga waliuliza kwanza habari za gari. Watoto walionekana wazima, pengine ndiyo sababu.

Lilikuwa gari la Kijapani la kubebea familia, usukani kulia, kama mengi ya Bukavu. Lilipofika lilikuwa na adabu zake. Mume wangu, fundi wa minara ya simu, aling'oa turbo yake ndogo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, akaweka kubwa, akapanua bomba la moshi, akafunga rejeta ya kupoza hewa mbele, yote hayo katika mji ambao mashimo yake hayaruhusu gia ya tatu isipokuwa Jumapili. Likipanda Cimpunda, tunakokaa, lilipiga mluzi mwembamba, na majirani wakajua baba watoto anarudi. Mimi pia nilijua, na nilianza kusonga bugali.

Kuhusu mapenzi hakusema mengi. Kuhusu mafuta ya injini alisema kila siku, mezani, samaki wakipoa. Turbo inazunguka haraka mno, alisema, na kinachoibeba ni utando wa mafuta tu. Basi mafuta yawe mepesi asubuhi injini ikiwa baridi, yafike juu upesi, na yakipata moto yasigeuke maji. Yeye alinunua ya sentetiki, tano kwa arobaini, senk-karanti kama tunavyosema, na aliyabadilisha kabla hayajachoka. Watu walimcheka. Kwetu mafuta yanachaguliwa kwa vidole viwili: unachovya, unasugua, yakivutika kama asali unasema haya ndiyo yenye nguvu. Ni akili ya madereva wa malori ya zamani, na kwa malori hayo si akili mbaya.

Mimi nina duka la dawa, kwa hiyo sikushangaa. Kutwa nzima watu wananiomba dawa kali. Hawasemi wanaumwa nini.

Sharti lake jingine lilikuwa kwamba injini ya moto haizimwi ghafla. Ukizima, mafuta yaliyobaki ndani ya turbo yanaungua na kuwa makaa. Lazima gari lisimame kwanza likiunguruma polepole, turbo ipumue. Watoto hawakuweza kukaa kimya ndani ya gari lililosimama, basi akaanzisha sala: popote tulipofika, kabla ya kuzima, fungu moja la shapule, yaani rozari, Salamu Maria kumi. Tulisali mbele ya shule, mbele ya soko la Kadutu, mbele ya baa ya rafiki yake. Padri alitutaja kanisani kama mfano wa familia. Mama mkwe wangu alilia kwa furaha siku hiyo, na hakuna aliyemweleza habari za turbo.

Kisha mume wangu akafa kwa ugonjwa wa ini. Nilimkasirikia muda mrefu. Mtu aliyebadilisha mafuta ya gari mapema hivyo, hospitali alikwenda amechelewa.

Kwetu, vitu vya marehemu vinazungumzwa siku ya kuondoa matanga, ukoo unapokutana kula na kunywa na kumvua mjane nguo nyeusi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, dereva wa lori kwenye barabara ya Uvira, mwenye pengo la meno ya mbele tangu ajali moja, hakungoja siku hiyo.

"Shemeji," aliniambia, "hii motokari inaombaka mwanaume. Wewe utaiua."

Nililihitaji gari kwa shule ya watoto na kwa maboksi ya dawa, lakini sitajificha nyuma ya maboksi. Nilitaka ule mluzi. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani, na sikutaka kuisikia ikipita mbele ya nyumba yangu kwenda kwa mtu mwingine.

Sherehe ilipokaribia, tulipanga kwenda Luberizi kununua mchele: mimi, shemeji, na mama mkwe, ambaye hamwamini mtu yeyote kuchagua mchele. Siku chache kabla ya safari shemeji alikuja na bidoni, dumu zima la mafuta, akaliweka miguuni pangu mbele ya mama yake.

"Nakuletea mafuta ya kweli, ya lori. Sikia vile iko mazito. Ile maji yako utaimwanga."

Kukataa zawadi ya shemeji mbele ya mama yake ni kumtukana mama mwenyewe. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapinda goti, nikashukuru. Alipoondoka nililipeleka bidoni kwa jirani mwenye mashine ya kusaga mihogo. Mashine hiyo ya dizeli ina umri mkubwa kuliko sisi sote, na iliyanywa mafuta yale bila kulalamika. Mimi nikashuka mjini kutafuta senk-karanti. Nilikagua kifuniko kama ninavyokagua chupa za dawa ya kikohozi, kwamba pete yake haijakatika, maana wapo wanaookota chupa tupu na kuzijaza wanachojua wenyewe. Muuzaji aliniuliza kama ni bwana wangu aliyenituma. Nilimwambia ndiyo.

Asubuhi ya safari shemeji alifungua boneti, akachomoa kijiti cha mafuta, akasugua kwa vidole viwili.

"Hii ni maji. Mafuta yangu iko wapi?"

"Iko mu mashini ya mihogo."

Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na shapule yake. Mama alikuwa anatazama ukuta wa jirani.

"Sawa. Mama, unasikia? Ikimufia mu Ngomo, siku ya matanga hatutazungumuza sana. Motokari itarudia kwetu."

"Ikikufa, muichukue," nikasema. Nilisema kama mtu anayeuza pamba.

Ngomo ni ukuta wa milima kati yetu na tambarare ya Ruzizi, barabara nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa. Tulipoanza kuteremka, mimi nikiwa kwenye usukani, shemeji alinigusa bega.

"Zima moteri. Bote tunazimaka hapa. Unabakisha esansi."

Ni kweli, huwa wanazima ili kubakiza petroli, wanaacha gari lijishukie lenyewe. Nilimwambia injini ikizimwa pampu ya mafuta inasimama, turbo inakauka, na breki zinakuwa ngumu. Akasema yeye ameshuka hivyo maisha yake yote. Nikamuuliza meno yake ya mbele yalibaki kona gani. Akageukia dirisha, akatazama nje mpaka Kamanyola, chini ya mlima.

Luberizi kulikuwa na joto la kuchosha hata mbuzi. Mama mkwe alitafuna punje za mchele wa kila muuzaji na kuwakosoa wote, kisha akanunua kwa yule wa kwanza. Tulijaza magunia mpaka gari likainama nyuma. Hapo shemeji akaomba usukani. Nilitaka kukataa.

"Mupatie," mama akasema.

Nikampa ufunguo, nikakaa upande wake, macho kwenye mshale wa joto. Mwanzoni aliendesha kama anaendesha lori. Mlima ulipokaza akakanyaga, turbo ikaamka, na mluzi ukaingia ndani ya gari. Aliinua mguu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akakanyaga tena, polepole, akausikiliza. Karibu na juu lori lilikuwa limekwama kwenye kona, ikabidi tusimame na kuondoka upya tukiwa tumeelekea mbinguni, magunia yakituvuta nyuma. Nilishika mlango. Gari likapanda. Mshale haukuwa umesogea. Shemeji naye aliuchungulia, akakanyaga tena.

Tulifika mbele ya nyumba, boneti ikitoa joto kama jiko. Alipeleka mkono kwenye ufunguo. Nilifungua mdomo, lakini sauti ilitoka nyuma.

"Acha kwanza. Hatuyasali bado."

"Mama, tulishafika."

"Mudogo wako alikuwaka anasalisha kwanza, njo anazima."

Akaanza mwenyewe, nasi tukaitikia. Injini iliunguruma chini ya sala kama zamani, na nilisikia nafasi moja tupu katika sauti zetu, ile ya mwanaume aliyekuwa akiitikia haraka kuliko wote. Shemeji aliitikia kichwa kimeinama, mkono ungali kwenye ufunguo. Salamu Maria ya kumi ilipokwisha mama alibusu msalaba na kuanza kukusanya mifuko yake.

Shemeji hakuzima. Alianza fungu jingine, peke yake, kwa sauti iliyokatika katikati. Turbo ilikuwa imepoa zamani. Hakuna aliyemwambia. Tulimwitikia mpaka mwisho.

Kisha akazima, akashuka, akazunguka upande wangu, akaniwekea ufunguo mkononi mbele ya mama yake.

"Shemeji," akasema, "ile mafuta unaipataka wapi?"