Kujifunza Kompyuta Nisiyoiona

Miaka ya Ujamaa nilikuwa mpiga taipu wa kujitegemea mjini Tabora. Nilikaa Isevya kwa shangazi yangu. Vijiji vipya vilipohitaji orodha za kaya au mihtasari ya mikutano, viliniita. Kazi ikiisha, niliweza kukaa hata miezi miwili bila kuitwa popote.

Kukaa hivyo kulikuwa hatari. Mgambo walipita mitaani wakiuliza kila mtu anafanya kazi gani, na asiye na jibu alipakiwa kwenye lori kupelekwa kulima. Jirani yetu, fundi viatu, alichukuliwa akiwa anasubiri ngozi. Tangu siku ile, nikisikia buti barazani, nilikwenda kuchungulia dirishani.

Kaka yangu alifanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi iliyokuwa na kompyuta. Aliniletea kitabu chakavu cha kufundisha namna ya kuiandikia mashine hiyo amri.

"Jifunze," aliniambia. "Kuliko kukaa ukitetemeka."

Kompyuta sikuwahi hata kuiona. Niliandika amri daftarini kwa penseli, ndani ya visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, kisha nikajifanya mashine: nazifuata moja moja, nahamisha vikaratasi vya majina mezani mpaka yajipange kwa alfabeti. Shangazi akiniona alinung'unika, "Mwanangu, usije ukarukwa na akili."

Asubuhi moja mgambo wawili wakaingia.

"Kazi yako?"

"Napiga taipu."

"Mbona mashine imefunikwa?"

Mmoja wao akafunua daftari, akakuta visanduku, mishale na namba. Akamwonyesha mwenzake, wakatazamana. Nilijua sasa hawaoni mzururaji, wanaona jasusi.

Wakanipeleka ofisi ya kata. Njiani, watu tuliosalimiana nao kila siku waligeuza nyuso. Katibu alikuwa mzee wa miwani, asiye na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya maandishi ni ya nini?"

"Ni amri za kompyuta."

"Iko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Umeshaiona?"

"Bado."

"Sasa unaiamrishaje?"

Nikaomba karatasi, nikaikata vipande sita, nikaandika majina, nikamweleza kuwa amri zitayapanga kwa alfabeti. Nilimsomea amri, naye akavihamisha vipande kwa mkono wake. Tulipomaliza, majina mawili yalikuwa yamepishana.

"Hapa pana kosa, ndugu," akasema.

Mgambo mlangoni akasogea. Nilikodolea macho daftari, nisione kitu kwa hofu. Kisha nikaona.

"Nilisahau kuiambia irudie tangu mwanzo, mpaka pasiwe na cha kuhamisha."

"Basi iambie."

Nikaongeza mstari, tukarudia. Majina yakakaa sawa. Katibu hakutabasamu. Alilifunga daftari, akasema, "Lete barua ya balozi wa nyumba kumi wa mtaani kwenu, aseme anakufahamu na kazi yako anaijua. Daftari linabaki hapa."

Balozi aliandika barua siku ileile, katibu akaigonga muhuri na kunirudishia. Niliibeba kila nilikokwenda, hata kisimani, mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Daftari sikurudishiwa, na sikuthubutu kuliulizia.

Kijiji kimoja cha Puge kiliponiita tena kupiga taipu, nilikuwa nimefikia nusu ya daftari la pili. Nililiandikia chumbani, mlango nimeukomea, na kila buti lilipopita nje, penseli ilisimama.